Wimbi Lisilotawanyika

Mheshimiwa Chansela, Naibu Chansela, wazazi wetu, nanyi wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro: mulembe!

Watu wakitoka uwanja wa Bukhungu baada ya mechi, langoni huwa kundi moja. Wakifika mjini wamekwisha kuachana, maana kijana na mzee hawana mwendo mmoja. Mawimbi nayo hutawanyika hivyo. Lakini mwaka 1834, kwenye mfereji karibu na Edinburgh, mhandisi John Scott Russell aliona wimbi likienda bila kupoteza umbo, akalifuata kwa farasi zaidi ya maili moja. Leo twaliita solitoni.

Mwaka 2002 maabara mbili, moja Paris na nyingine Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, zilitengeneza solitoni za atomi. Zilitumia litiamu, madini yale yale yaliyojaa ardhini Manono, Kongo, yanayotengenezewa betri za simu. Wanasayansi waliipoza hadi karibu mno na nyuzi 273 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo atomi huacha ubinafsi, zikawa wimbi moja. Kisha wakarekebisha nguvu ya sumaku mpaka atomi zikaanza kuvutana, kidogo tu, kiasi cha kuzuia utawanyiko. Ile ya Paris ilisafiri zaidi ya milimita moja bila kutanuka. Naona mnacheka! Kwa atomi, hiyo ni safari. Na kazi yote imo katika hicho “kidogo tu”: atomi zikizidi, huvutana hadi wimbi linajiporomokea lenyewe.

Faida yake, wazazi? Bado inatafutwa. Wapo wanaotumaini kupimia nguvu ya uvutano kwa usahihi zaidi.

Hesabu iliyoanzisha haya ya atomi kuwa wimbi moja ilitoka kwa Satyendra Nath Bose, mwalimu wa fizikia Dhaka. Mwaka 1924 alimtumia Einstein makala yake. Einstein akaitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa, naye akaiendeleza hadi kwenye atomi. Majaribio yaliithibitisha mwaka 1995. Bose alikuwa na kalamu na karatasi. Ninyi mna kompyuta, na mlinganyo wa Gross na Pitaevskii, unaoeleza mawimbi haya ya atomi, hukokotolewa humo bila leza hata moja ya maabara.

Mwaka 2014 watafiti wa Rice walionyesha kwamba solitoni mbili zinazogongana huweza kuonekana zimedundana, kumbe zimepitana. Wanafizikia, wekeni ya tatu katikati yao, mkokotoe, kisha mniandikie.