Sindano ya Oholiabu

Somo letu la leo linatoka katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, mstari wa 30 hadi wa 35.

Hapo Musa anawatajia Waisraeli mafundi watakaoitengeneza Maskani ya Mungu. Yuko Bezaleli wa kabila la Yuda, na pamoja naye Oholiabu wa kabila la Dani. Kazi yao ni ya dhahabu, fedha, mawe na miti. Lakini pia ni kufuma na kutia taraza kwa nyuzi za rangi na kitani safi. Angalieni jambo hili: wanaume wanashika sindano na uzi, na Maandiko yanasema kwamba ni Mungu mwenyewe aliyeijaza mioyo yao hekima hiyo.

Mama mmoja alinijia baada ya ibada akiwa na huzuni. Mwanawe wa miaka saba hupenda kuketi karibu na nyanya yake akifuma vitambaa vya viti. Watoto wenzake wakamwita msichana. Baba yake aliposikia, alizitupa zile nyuzi motoni. Tangu siku hiyo mtoto hafumi tena, na hata kuzungumza amepunguza. Mama akaniuliza, "Mchungaji, mtoto wangu ana kasoro gani?" Nikamjibu, "Mama, hana kasoro. Ana kipawa."

Ndugu zangu, na tufikiri pamoja. Suruali aliyovaa baba huyo ilishonwa na nani? Huenda ni fundi wa cherehani pale sokoni, naye ni mwanamume. Akienda mjini, chapati anayokula hotelini hupikwa na nani? Mara nyingi ni mwanamume. Basi kazi ile ile tunayoiheshimu ikifanywa kwa mshahara, mbona tunaiona aibu ikifanywa na mtoto kwa kuipenda? Hiyo si sheria ya Mungu, bali ni mazoea yetu.

Na kwa wasichana ni vivyo hivyo. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, Nehemia 3:12 inatueleza kwamba Shalumu alijenga sehemu yake pamoja na binti zake. Hakuwaambia, "Kaeni nyumbani, mawe ni ya wavulana." Hata hapa kwetu, Wangari Maathai alipokuwa mtoto kule Nyeri, kaka yake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari naye haendi shule. Mama akakubali. Mwaka wa 2004 binti huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Swali moja la ndugu mwenye upendo lilifungua mlango.

Tena tumtazame Bwana wetu. Baada ya kufufuka, katika Yohana sura ya 21, wanafunzi walifika pwani wakiwa wamechoka. Walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliyewaandalia chakula ni Mwokozi wa ulimwengu. Je, kuna mtu atakayemcheka kwa sababu alikaa mekoni?

Basi wazazi, mtoto akichekwa, msinyamaze. Mwambieni mbele ya hao wanaomcheka, "Kazi yako ni nzuri, endelea." Wafundisheni watoto wote kufagia, kupika, kuchanja kuni na kutengeneza baiskeli, kisha mtazame ni wapi moyo wa kila mmoja unapofurahi. Mtoto anayejificha nyumbani kwao atajificha wapi tena?

Nawe baba unayenisikiliza, kama ulichoma nyuzi, leo pitia dukani ununue nyingine. Mpe mtoto kwa mkono wako mwenyewe, uketi kando yake umtazame akifuma. Hutapungukiwa na heshima yako, na mtoto atajua kwamba ana baba.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemtia Oholiabu hekima ya mikono, tunakushukuru kwa watoto wetu jinsi ulivyowaumba. Utusamehe maneno yaliyowaumiza. Utupe macho ya kuona ulichoweka ndani yao, na subira ya kukilea, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.