Tuchunge vipindi kama mbegu: kunasa televisheni kwenye kompyuta bila kuharibu picha

*(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Kasongo. Tunayachapa kwa ajili ya wandugu wa Kabambare ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)*

Wale waliotoka upande wa Salamabila, poleni na njia. Ile barabara tunaijua.

Mulituomba tuzungumze juu ya disiki ya shirika ambayo inajaa. Ndani yake muna vipindi vya televisheni ambavyo vijana wetu wananasa kutoka parabola: habari zinazogusa Maniema, mafundisho ya afya na kilimo, na matangazo ya tarehe 2 Agosti, siku ya Genocost, ambayo nchi yetu inawakumbuka waliokufa katika vita. Kuna wanachama waliosema: tugeuze vipindi vyote viwe vidogo, viingie kwenye telefoni, kisha tufute vile vikubwa ili nafasi ipatikane. Sisi leo tunawaomba: musikubali kufuta. Tutaeleza kwa nini, na namna gani nafasi itapatikana.

Kwanza, kwa nini vipindi hivi ni kitu kwetu. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inasema kwamba watu walioteswa katika vita wana haki ya kulindwa na kupewa fidia. Siku ya 2 Agosti iliwekwa na sheria hiyo hiyo. Lakini ninyi munajua hali yetu. Kuna familia hapa zilizokimbia mara mbili, mara tatu. Karatasi ziliungua, picha zilibaki njiani. Hatusemi kwamba kipindi cha televisheni kitamletea mtu fidia, hapana. Tunasema kwamba kwa watu waliopoteza karatasi, picha yenye tarehe, yenye sura ya mtu na jina la kijiji si kitu cha kuchezea.

Mama mmoja kati yetu alisikia kwamba ndugu yake alionekana kwenye televisheni, katikati ya watu waliokuwa wanapokelewa mahali fulani. Jirani alikuwa amenasa kipindi kile kwa telefoni, ameielekeza kwenye kioo cha televisheni. Tulitazama: sura ni ukungu, na maandishi ya chini hayasomeki. Kisha tulifungua kipindi kile kile kwenye disiki yetu, tukasimamisha picha, tukaikuza. Maandishi ya chini yalisomeka yote, na mama alijua ni wapi pa kuanza kuuliza. Kama tungekuwa tumeshageuza na kufuta, tungekuwa na ukungu peke yake.

Sasa tueleze hiyo tofauti inatoka wapi.

Wazee wanakumbuka kaseti. Ukinakili kaseti, kisha unakili ile nakala, kila mara sauti inapungua na mlio wa shii unaongezeka. Televisheni ya zamani ilikuwa vile vile. Televisheni ya dijitali si hivyo. Inayoshuka kutoka setilaiti ni tarakimu tu. Kwenye studio picha imeshakunjwa kuwa ndogo, kisha inatumwa katika vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja kina baiti 188, na vinafika maelfu kwa sekunde moja. Dekoda inavipokea, inavifungua na kuonyesha picha.

Basi kunasa bila hasara ni jambo jepesi kuliko watu wanavyofikiri: ni kuandika vile vifurushi kwenye disiki jinsi vilivyofika, bila kuvigusa. Hakuna kinachoongezwa, hakuna kinachopunguzwa. Ukinakili faili hiyo mara mia, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Hasara inaingia pale tunapofungua picha na kuikunja upya. Mashini ikikunja upya, inatupa sehemu ndogo ambazo inaona jicho halitazihitaji, na ikitupa, imetupa. Sisi watu wa Maniema tunajua mpunga. Mpunga wa mbegu unauweka gunia mbali. Wa kula unautwanga, unaweza hata kuusaga unga. Lakini hakuna mtu anayepanda unga. Faili ya kwanza ni mbegu, na kile kipindi kidogo cha telefoni ni chakula. Vyote viwili ni vizuri, ila tusisage mbegu.

Njia mbili zinazoharibu ndizo hizi tunazoziona kila siku. Ya kwanza ni kuelekeza telefoni kwenye kioo. Ya pili ni kutoa picha kwenye dekoda kwa zile kamba tatu, nyekundu, nyeupe na ya manjano, kuingiza kwenye kompyuta. Hapo tarakimu zinageuzwa kuwa umeme wa kizamani, kisha zinageuzwa tena kuwa tarakimu. Picha inapita, lakini imechoka.

Njia nzuri nazo ni mbili. Dekoda nyingi za chaneli za bure zina tundu la USB. Unaweka flashi ao disiki, unabonyeza kitufe cha kunasa, na mara nyingi dekoda inaandika vifurushi jinsi vilivyo. Njia hii inakula umeme kidogo, na kwa sisi wa paneli za jua hilo ni jambo kubwa. Njia ya pili ni kifaa kidogo cha kupokea televisheni kinachounganishwa na kompyuta. Ukinunua, soma herufi: kwa parabola kiwe cha DVB-S2, cha DVB-T2 ni cha antena ya ardhini, na pasipo na mnara wa dijitali hakitafanya kazi. Programu za bure zipo: VLC, Kaffeine, Tvheadend. Usichague neno lolote linalosema kugeuza. Chagua kuhifadhi jinsi ilivyo. Faili nyingi za namna hii zinaishia na herufi ts.

Faili ya ts ina faida ingine kwetu. Umeme ukikatika katikati ya kunasa, sehemu iliyokwisha andikwa inafunguka, kwa sababu kila kifurushi kinajitegemea. Faili ya kawaida ya mp4 mara nyingi inaandika orodha yake ya ndani mwishoni. Grupu ikizimika kabla ya mwisho, faili nzima inaweza kukataa kufunguka.

Mambo matatu ya kuangalia. Moja, parabola ielekezwe vizuri kabla ya kipindi. Picha ikivunjika vipande kwa sababu ya mvua ao upepo, kompyuta itanasa na ule uvunjikaji. Mbili, flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Dekoda zingine zinakata faili vipande, zingine zinasimama tu. Tatu, chaneli za kulipia zimefungwa, na mara nyingi kilichonaswa humo hakifunguki nje ya dekoda ile ile. Tusipoteze nguvu hapo.

Sasa nafasi. Chaneli inayotuma megabiti 3 kwa sekunde inajaza karibu gigabaiti 1.35 kwa saa moja. Ya megabiti 6 inajaza 2.7. Kwa hiyo disiki ya gigabaiti 500 inabeba saa kati ya 185 na 370. Si kidogo, lakini si bila mwisho. Hatuwezi kuchunga kila kitu, na hatuhitaji.

Tunapendekeza hivi. Kamati ikae na wazee, watu wa Kasongo na wa Kabambare pamoja, ichague vipindi vya kuchunga. Mpira, muziki na matangazo ya biashara yaliyonaswa kwa bahati, yafutwe. Kipindi cha dakika kumi kilichonaswa ndani ya saa mbili kikatwe, bila kukunja upya. Programu ya FFmpeg inafanya hivyo ukiiamuru kwa neno «copy». Acheni dakika moja mbele na moja nyuma, kwa sababu picha kamili hazipo kila mahali ndani ya faili. Zilizo katikati zinabeba mabadiliko tu, na mkato hauangukii kila mara pale unapotaka. Kisha kwa kila kipindi tutengeneze kidogo cha telefoni, kila familia iende nacho. Cha kwanza kibaki.

Tena kibaki mahali pawili. Disiki moja ikianguka chini, ao nyumba ikiungua, ao watu wakilazimika kukimbia tena, Mungu atuepushe, kumbukumbu yote inakwenda. Tunaomba likelemba ya miezi ijayo itenge kitu kwa disiki ya pili, ikae Kabambare. Wafadhili wanaotusoma, hatuombi mashini kubwa. Disiki moja, dekoda moja yenye USB na betri ya paneli vinatosha kuanza.

Neno la mwisho ni juu ya haki. Vipindi ni mali ya televisheni iliyovitengeneza. Tunavichunga kwa kumbukumbu ya familia zetu. Hatuviuzi kwenye vibanda vya kupakia muziki. Na mtu anayeonekana kwenye picha akija kusema hataki sura yake itembee kwenye telefoni, tumsikilize. Wengine bado wanaogopa, na wana sababu.

Vijana watabaki hapa na kompyuta hadi jioni. Anayetaka kujifunza kunasa ao kukata, akaribie, mama na baba pia, si vijana tu. Na anayekumbuka kipindi fulani, tarehe fulani, aje aandikishe kabla kamati haijaanza kuchagua.