HESABU ZA CHUO ZARUDIWA NYUMBANI

(Haya ni maneno ya mwalimu mmoja mstaafu aliyoyasema mbele ya vijana na wazazi wa Kwamsisi, Wilaya ya Handeni, katika likizo ndefu ya vyuo.)



Nimeombwa niseme juu ya hesabu, na najua wengine mmekwisha kununa. Nivumilieni. Jambo hili si la watoto wa chuo peke yao. Ni la kila mzazi aliyeuza mahindi au mbuzi ili mtoto wake asome.

Vyuo vikuu vyetu vingi hufungwa mwezi wa Julai au Agosti na kufunguliwa Oktoba au Novemba. Baadhi ya vijana wetu wamerudi na habari wasiyowaambia baba zao: wameanguka katika hesabu, na kabla ya mwaka mpya kuanza wanangojewa na mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu. Wengine ndiyo kwanza wametoka kidato cha sita, wanakwenda kuanza, na hesabu za kidato cha nne zimekwisha kuwatoka kichwani.

Siwacheki, maana nami yalinipata. Mtihani wangu wa kwanza wa hesabu chuoni nilipata alama kumi na tisa katika mia. Karatasi ile niliificha chini ya godoro, nikamwambia marehemu baba kwamba matokeo hayajatoka. Likizo nzima nililima kwa bidii ya mwizi anayetubu, wala kitabu sikukifungua. Niliporudi chuoni nikaanguka tena. Aibu ilinipotezea mwaka mzima, ndugu zangu, wala si ujinga.

Basi la kwanza: kijana, sema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili ni kuutafuta ufa wenyewe ulipo. Kijana akianguka katika kalkulasi husema kalkulasi ni ngumu. Mara nyingi si kweli. Mpe afungue mabano haya: x jumlisha h, yote kwa kipeo cha pili. Wengi huandika x kipeo cha pili jumlisha h kipeo cha pili, wakaendelea mbele kwa furaha kuelekea shimoni.

Twende shambani tukaone. Pima shamba la mraba, kila upande hatua 3 na 4, yaani hatua 7. Eneo lake ni 49. Lakini 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, jumla 25. Zile 24 zimekwenda wapi? Chomeka mambo, ugawe shamba kwa kamba, utaziona: vipande viwili vya pembeni, kila kimoja 3 kwa 4, yaani 12 na 12. Kijana asiyeviona vipande hivyo viwili hawezi kuiona kalkulasi, kwa sababu mwanzo wa kalkulasi umo humo humo. Somo la kidato cha pili ndilo linalomwangusha mtu wa mwaka wa kwanza wa chuo.

Sasa njia za kurudia ni zipi? Mimi naona nne.

Njia ya kwanza ni kitabu na daftari. Chukua vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, usione haya, kisha vya cha tano na cha sita. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, navyo husomwa bure. Njia hii ni rahisi kwa fedha, ngumu kwa moyo, maana hakuna wa kukusukuma.

Njia ya pili ni simu hizo mnazozishika. Yako masomo ya bure, kama yale ya Khan Academy, yanayoanza na kujumlisha mpaka kalkulasi, pamoja na mazoezi. Lakini jihadharini: kumtazama mtu akikokotoa si kukokotoa, kama vile kutazama mpira hakumfanyi mtu kuwa mchezaji. Tazama dakika kumi, kisha zima simu, ufanye maswali saa nzima.

Njia ya tatu ni kwa yule ambaye bado hajapata nafasi chuoni. Asikae akilia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima husaidia wanaorudia masomo ya sekondari, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina masomo ya maandalizi kwa wasiotimiza sifa za kuingia. Njia hii ni ndefu kuliko likizo moja, ina na ada, lakini mwisho wake una cheti.

Njia ya nne ndiyo niipendayo, nayo ni darasa la pamoja hapa hapa kijijini. Wazee mtakumbuka. Mwaka 1971 shule yetu ya Kwamsisi iliwekwa kuwa shule ya majaribio ya elimu ya kijiji, ikishirikiana na Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Masomo yalifungamanishwa na kazi za kijiji, na shule ikawa ya watoto na ya wakubwa pia. Watu walitoka mbali kuja kujifunza kwetu. Je, kijiji kilichofanya hayo kitashindwa kuwapa vijana wake chumba kimoja, ubao na chaki?

Nashauri hivi. Darasa liwe saa mbili kila asubuhi, siku tano kwa juma, majuma kumi. Hizo ni saa mia moja. Majuma mawili ya kwanza: sehemu, uwiano, vipeo. Matatu yanayofuata: aljebra na milinganyo. Mawili: grafu, logi na trigonometria. Matatu ya mwisho: kalkulasi na takwimu. Mwenye sapu ya karibu aanze na karatasi yake ya mtihani, kila kosa alirudishe kwenye asili yake.

Kila swali mlilolikosa leo lifanyeni tena kesho, jibu likiwa limefunikwa. Aliyeelewa amfundishe mwenzake, kwanza kwa Kiswahili mpaka aridhike, kisha kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Wengi wanaodhani hawajui hesabu wamelikosa swali tu, hawakuelewa linauliza nini. Na anayesoma chuo amfundishe wa kidato cha nne, maana katika mtihani wa taifa hesabu ndilo somo linaloangusha watoto wengi kila mwaka.

Sasa neno kwa wazazi. Najua huu ni wakati wa mavuno, na mikono ya vijana inahitajika. Siombi siku nzima. Naomba zile saa mbili za asubuhi, kichwa kikiwa kipya. Baada ya hapo shamba ni lenu. Tena mtoto akikuambia nimeanguka, usimtukane mbele za watu. Muulize: umekosa wapi? Hata kama hujui kusoma, muulize. Mimi laiti ningaliulizwa hivyo, ile karatasi isingalilala chini ya godoro.

Vijana, mganga wa hospitali hupima dawa kwa hesabu. Fundi wa daraja hupima nondo kwa hesabu. Anayeanguka leo kwa sababu ya mabano ni mganga na fundi tunayempoteza, na nafasi yake hapa Handeni itabaki wazi.

Jumatatu asubuhi nitakuwapo shuleni na chaki yangu. Atakayekuja, aje na ile karatasi aliyoificha.