Unajua uko D1 au T1? Mazungumzo yangu na vijana wa Usevya

 

Katibu aliniomba nizungumzie Katiba, maana nasoma sheria. Nimemuomba ruhusa nianze na LUKU. Katiba tutaifikia, lakini tutapitia kwenye mita.

Nianze na nyumbani kwetu. Mama ana nyumba hapa Usevya, vyumba vinne, mita moja. Vyumba viwili walikaa wapangaji. Mama akanunua friza, akawa anagandisha maji na juisi za kuuza. Matumizi yakapanda, tukatolewa kwenye fungu la matumizi madogo. Hilo halikuwa kosa la mtu, ndivyo utaratibu ulivyo. Baadaye friza ikafa, na wapangaji wakahama baada ya mavuno ya mpunga. Tukabaki na taa, tivii, pasi na kifriji. Kama uniti 60 hivi kwa mwezi.

Lakini tuliendelea kununua kwa bei ileile kubwa kwa miezi 11. Hakuna aliyeomba turudishwe, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kurudi. Mama alikuwa akisema, "Umeme siku hizi unaisha haraka." Na mimi, mwanasheria mtarajiwa, namjibu, "Ndo serikali yenu hiyo mama," halafu naendelea na simu yangu. Jamani, nilikuwa na jibu la siasa, sikuwa na jibu la mama.

Sasa tuhesabu. Bei tunazotumia zilianza Aprili 2016. Mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, wastani wa uniti 75 kwa mwezi, anaitwa D1. Analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75, na zinazozidi hapo shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida anaitwa T1. Humo kuna nyumba, maduka, saluni na mashine ndogo. Yeye analipa 292 kwa kila uniti, ya kwanza mpaka ya mwisho. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356 na senti.

Kwa uniti 60, D1 ni shilingi 7,320. T1 ni shilingi 21,374. Tofauti ni elfu 14 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 11: zaidi ya laki moja na nusu. Mama yangu aliuza gunia la mpunga kwa bei ya haraka mwaka huo ili mdogo wangu arudi shule. Pesa ya kumrudisha shule ilikuwa inapita kwenye mita, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Kuna uvumi mmoja niuondoe. Watu wanasema ukivuka uniti 75 tu, zote zinapanda bei. Siyo hivyo. Aliye D1 akitumia uniti 80, zile 75 ni za shilingi 100 na tano tu ndizo za 350. Pamoja na kodi ni kama 11,300. Uniti hizo 80 kwa T1 ni 28,500. Mwezi mmoja wa msiba au harusi haukuumizi sana. Kinachokuumiza ni wastani wako kupanda ukahamishwa, halafu matumizi yakashuka na wewe ukabaki kulekule.

Utajuaje uko wapi? Fanya hivi. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana kodi ya jengo inakatwa hapo na itakuchanganya. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Subiri manunuzi ya pili, nunua umeme wa buku moja, na hakikisha hakuna deni linalokatwa. Ukipata uniti 8 na pointi, uko D1. Ukipata 2.8, uko T1. Basi. Huhitaji shahada.

Ukikuta uko T1 na matumizi yako ya miezi iliyopita ni chini ya 75 kwa mwezi, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, omba kurudishwa D1. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri. Wakikukatalia, waombe waandike sababu. Usiporidhika, EWURA inapokea malalamiko, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mtumiaji. Juu ya EWURA kuna Baraza la Ushindani. Nasema haya ili mjue kwamba dirishani siyo mwisho wa safari.

Sasa mtaniuliza, dada, siasa iko wapi hapo? Inakuja.

Uingereza mwenye nyumba anachagua kampuni, halafu anachagua mkataba: bei isiyobadilika kwa mwaka mmoja, au bei inayopanda na kushuka chini ya ukomo ambao msimamizi wao, Ofgem, anaupitia kila miezi mitatu. Anaweza kukosea, lakini anachagua. Kenya hakuna uchaguzi huo, ila bili yao ina kipengele cha mafuta na cha fedha za kigeni vinavyobadilika, na vinatangazwa kwenye gazeti la serikali. Mwaka 2023 fungu lao la wanyonge lilishushwa kutoka uniti 100 hadi 30. Wakenya walipiga kelele kwa sababu waliisoma namba.

Kwetu bei haijachezacheza tangu 2016. Tusijidanganye, hilo limetusaidia. Sisi wa Katavi ndio wa kwanza kulisema, kwa sababu kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, umeme wa gharama kubwa, na bado tulilipa bei ileile ya Dar es Salaam. Anayesema kila kitu ni kibaya, wazee hawa watamcheka.

Lakini bei imeshikiliwa na nani, na kwa utaratibu gani? Mwishoni mwa 2016 EWURA ilitangaza ongezeko la asilimia 8.53 lianze Januari 1, 2017. Kabla halijaanza, waziri akalisimamisha. Siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamuondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Wengi tulishangilia. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka wakubwa wakishangilia. Leo, nikiwa nasoma sheria, najiuliza: kama bei ilizuiwa kwa simu moja, si inaweza kupandishwa kwa simu moja? Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inataka taftishi ya umma, wananchi wasikilizwe. Nafuu inayotegemea hasira au huruma ya mkubwa ni nafuu ya kuazima. Mimi nataka nafuu ninayoweza kuidai kwa kifungu.

Na hapo ndipo Katiba inapoingia. Ibara ya 18 inasema tuna haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Sasa niambieni, fungu la umeme siyo muhimu kwa maisha ya mama yangu?

Kwa hiyo napendekeza vijana tusimamie madai manne.

Moja, kila ujumbe wa tokeni useme kwa Kiswahili cha kueleweka: fungu lako ni hili, bei yako ni hii. Siyo herufi na namba za kubahatisha.

Mbili, mteja akihamishwa fungu apewe taarifa na sababu. Na matumizi yakishuka, mfumo uleule uliompandisha umrudishe, bila yeye kwenda kuomba.

Tatu, uniti 75 zipitiwe upya. Ni uniti mbili na nusu kwa siku. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri sana. Lakini mama akiacha mkaa akaanza kuchemsha maharage kwa jiko la umeme, wastani wake unaweza kumtoa D1. Unamwambia aache mkaa, halafu unamwadhibu kwa kuacha mkaa?

Nne, mita za kushea. Kaya tatu kwenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 30, jumla ni 90. Wote wanyonge, na wote wanahesabiwa kama mteja mmoja mkubwa. Mwenye kupanga chumba ndiye anayeumia zaidi kuliko mwenye nyumba nzima. Tudai mita ndogo kwa gharama ya mwananchi.

Mtu atasema haya ni madogo, tuna mambo ya tume ya uchaguzi na katiba mpya. Nakubali ni makubwa. Ila huyu mama wa Usevya, ukimfuata miaka yote na mambo makubwa tu, atakusikiliza kwa heshima na kukusahau. Ukimuokolea elfu 14 kwa mwezi, siku ukija kumwambia kwa nini katiba ni muhimu, atakuwekea kiti.

Mama tulimrudisha D1. Aliandika barua mwenyewe kwa mkono, mimi nilisahihisha tu. Ile laki na nusu haikurudi.

Kazi ya wiki hii: kila mmoja wetu apime mita ya nyumbani kwao na mita za majirani watano. Andika namba ya uniti ulizopata kwa buku, lete Jumamosi. Mwenye T1 isiyomstahili, nitakaa naye tuandike barua. Msimuulize mtu kadi ya chama kabla ya kumsaidia.