Rais Aliyeacha Tumbaku

(Hotuba kwa wakulima na wafugaji, Laiser Hill, Kajiado)



Huko Marekani wenye viwanda waliwahi kutengeneza sigara kubwa, zilizosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku pasipo karatasi, na kuzipa majina ya marais wa kwanza ili kuwaheshimu. Sanduku lilipambwa kwa picha ya mheshimiwa. Miongoni mwa waliopewa heshima hiyo ni George Washington, rais wa kwanza, aliyeshika madaraka tangu 1789 hata 1797. Yafaa basi tuulize: yeye mwenyewe alipatana vipi na tumbaku?

Shamba lake liliitwa Mount Vernon, kando ya mto Potomac katika Virginia. Hapo kwanza alilima tumbaku kama majirani zake, na kazi ilifanywa na watumwa, jambo ambalo sanduku halisemi. Majani yalipakiwa merikebuni mpaka London kwa wakala wake, Robert Cary. Wakala ndiye aliyeuza, tena ndiye aliyemnunulia Washington nguo, vyombo na gari la farasi, akaandika yote katika daftari moja. Mkulima hakujua bei mpaka barua irudi baada ya miezi mingi. Mwaka 1764 Washington alikuta anadaiwa karibu pauni 1,800. Na ardhi nayo ilikuwa imechoka, kwa maana tumbaku hula rutuba upesi.

Hakungoja sana. Katika miaka michache iliyofuata aliacha kupanda tumbaku Mount Vernon, akapanda ngano, akavua samaki mtoni, akajenga kinu kikubwa cha kusagia. Unga wake ulitiwa katika mapipa yenye alama ya G. Washington, ukauzwa hata katika visiwa vya West Indies. Hiyo ndiyo bidhaa aliyoitia jina lake kwa hiari yake. Sigara aliwekewa na wengine, alipokwisha kufa.

Ninyi wa Kajiado ni watu wa ng'ombe, lakini tumbaku mnaifahamu: ugoro wa wazee hutiwa magadi, na magadi ni mali ya kaunti hii. Walimaji wenyewe wako mbali, kama vile huko Migori. Mkulima hupewa na mnunuzi mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, na deni hukatwa siku ya kuuza majani. Daftari ni lile lile la London. Majani hukaushwa kwa moto wa kuni, na miti hukatwa kwa wingi. Tena avunaye majani yenye umande huingiwa na sumu ya nikotini kwa njia ya ngozi, akashikwa na kizunguzungu na kutapika.

Mwaka 2022 Serikali ya Kenya, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya kilimo na ya chakula, ilianzisha huko Migori mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, na kuwatafutia soko. Maharage huwa tayari kwa muda wa miezi mitatu hivi. Tumbaku humshika mtu sehemu kubwa ya mwaka, tangu kitalu hata kukausha. Na maharage yasipouzwa yote, yanayobaki huliwa nyumbani.