Zamu ya Mgonjwa: Fadhila ya Mapendo Hukuaje?



Katika mafungo na semina zetu husikika hoja hii: sali kwanza hadi moyo ujae, huruma itafuata yenyewe. Mathayo 25 na Waraka wa Yakobo mnavijua, sitavirudia. Nashughulika na hoja yenyewe, maana imewafungia watu wema wengi majumbani.

Watetezi wake humtaja Mtakatifu Thomas wa Akwino: mapendo hutiwa na Mungu, hayatokani na jitihada zetu. Ni kweli. Lakini Thomas haishii hapo. Anafundisha kwamba kila tendo la mapendo humwandaa mtu kupokea ongezeko lake, nalo ongezeko huja anapojikaza kupenda kwa ari zaidi. Basi tendo halingoji mapendo yakomae. Tena, nani atatuambia moyo umejaa lini? Anayengoja ukamilifu huahirisha kila siku, na mgonjwa huzikwa hajatembelewa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Châtillon, Ufaransa, mwaka 1617. Paroko Vincent wa Paulo aliambiwa kabla ya Misa kwamba katika nyumba moja nje ya mji wote wanaumwa. Akahubiri, watu wakamiminika na vyakula. Akaona hatari: leo vitazidi, kesho njaa itarudi. Akawaundia akina mama chama na kuwaandikia kanuni ya zamu. Kanuni hiyo inamwelekeza mhudumu amsalimu mgonjwa kwa uchangamfu, atandike kitambaa, amnawishe mikono, asali, ndipo amkatie nyama. Aanze na mgonjwa mwenye mtu wa kumwangalia, amalizie na aliye peke yake, apate kukaa naye zaidi. Kanuni hiyohiyo inawataka wajuao kusoma wasome kila siku sura ya kitabu cha Fransisko wa Sales juu ya uchaji. Sala na sahani ya mgonjwa vimo katika karatasi moja.

Nimeyaona hayo kwetu. Kijana wa bodaboda katika jumuiya yetu alipangiwa zamu kwa mzee aliyepooza. Mwanzoni aliacha uji mlangoni akaondoka. Baadaye alijifunza kumgeuza na kumnyoa ndevu; ndipo akaanza kuja kwenye sala ya jumuiya, akimwombea mzee kwa jina. Huduma ilimpa cha kuombea, na sala ikamrudisha kwa mzee.

Nakubali kwamba mchango unaotumwa kwa simu hununua dawa, na aliye mbali hana njia nyingine. Hata hivyo nashikilia: kwa anayeweza kufika, mapendo hukua zaidi kwa kumgusa mgonjwa kwa mkono.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: kila ibada ya wiki imalizike kwa kusoma orodha ya zamu, na anayeishi peke yake apewe muda mrefu kuliko wote.