Mgeni anakula mali ya nani? Mazungumzo ya Bengamisa



Tangu ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka Lubunga mwezi wa pili 2023, watu wengi wamehama makwao katika Tshopo yetu. Na wahamaji wakifika mahali, neno moja huwatangulia: "Wageni wanakula mali ya Leta, sisi wenye kijiji tunaangalia tu." Neno hili linapiganisha mamama kisimani. Tulipime leo.

Aliyekimbia Lubunga au Beni ni Mkongomani. Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inamruhusu kukaa popote nchini. Aliyetoka nchi nyingine, kifungu cha 50 kinasema akiwepo kihalali ana haki sawa nasi, isipokuwa za siasa, mradi nchi yake nayo inatutendea vivyo hivyo.

Sasa hiyo mali ya Leta ni ipi? Posho ya watoto hutolewa na CNSS, kwa sheria ya mwaka 2016. Sheria hiyo haibagui taifa wala asili. Inauliza kazi ya kuajiriwa. Mwajiri peke yake ndiye hulipa fungu hilo, asilimia 6.5 ya mshahara. Mlima mihogo hana mwajiri, basi hapati, awe mwenyeji au mgeni. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Lakini wewe unayefanya kazi kwenye kampuni, umemuuliza tajiri wako kama amekuandikisha?

Hata Ulaya maneno ni yale yale. Wako wanaodhani kila anayetua London hupewa pesa za watoto. Uingereza huwazuia wengi wenye ruhusa ya muda wasiguse fedha za serikali. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi ndiye anaweza kuomba.

Shule ya msingi ya Leta ni bure kwa kifungu cha 43, na tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kukitekeleza. Mtoto wa mhamaji akifika bila karatasi ya shule aliyoikimbia, mwalimu, tafadhali mpokee, karatasi itafuata.

Kinachobaki ni sabuni, mablanketi na unga wa mashirika, ambavyo si mali ya Leta hata kidogo. Na hapa nasema wazi, sisi wa mashirika tunachangia chuki. Tunaandika waliokimbia, tunairuka nyumba iliyowalaza watu kumi na kumaliza mihogo yake. Mama wa nyumba hiyo akinuna, ana sababu. Orodha isomwe hadharani, mbele ya shefu wa kijiji, wenyeji na wahamaji wakisikia pamoja, na aliyepokea watu aandikwe pia.

Jambo la mwisho, kwa wenye watoto wachanga wa pande zote mbili. Kuandikisha kuzaliwa kuna muda wa siku 90. Bila cheti hicho, mtoto atasumbuka mbele ya kila ofisi, hata akiwa amezaliwa hapa hapa Bengamisa. Anayehitaji msaada wa kujaza fomu abaki, tutakaa naye.